Muuguzi Aliyehamia Kijijini Asikae Bure

Katika vijiji vyetu siku hizi yapo mambo mawili yasiyopatana. Zahanati ina muuguzi mmoja tu, na foleni ya akina mama na watoto imefika nje. Jirani na zahanati hiyo yuko dada mwenye cheti cha uuguzi. Amehamia hapo kumfuata mumewe. Hana kazi. Anauza vitumbua.

Wengine husema, "Wauguzi wamezidi." Si kweli. Wagonjwa bado wanawahitaji. Zilizo chache ni nafasi zenye mshahara. Kila mwaka vyuo vinatoa wauguzi wapya, na nafasi zikitangazwa waombaji huwa wengi mno. Basi muuguzi lazima aijue njia, na kijiji lazima kijue wajibu wake.

Kwanza ni leseni. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka muuguzi asajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na awe na leseni. Cheti cha chuo peke yake hakitoshi. Leseni ikiisha muda, aihuishe mapema. Asingoje tangazo la kazi.

Pili ni vyeti. Kazi nyingi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hupelekwa kwa mtandao. Karatasi ya matokeo haipokelewi badala ya cheti. Majina katika vyeti vyote yafanane. Dada aliyeolewa akabadili jina, atafute hati ya kisheria mapema.

Tatu, aliye tayari katika kazi ya serikali asiiache ili amfuate mwenzake. Aombe uhamisho kwa mwajiri wake. Kuacha kazi ni rahisi, kuipata tena ni taabu.

Nne, asitazame serikali kuu peke yake. Zipo hospitali za mashirika ya dini na zahanati za watu binafsi. Baadhi ya halmashauri huajiri kwa mkataba kwa fedha za mapato yao ya ndani. Aende mwenyewe na barua yake kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ajulikane kwamba yupo. Akitokea mtu wa kumwomba fedha ili ampe kazi, hiyo ni rushwa. Apige simu TAKUKURU, namba 113.

Sasa nasema na wanakijiji. Msiende usiku nyumbani kwa muuguzi huyo kuomba sindano. Dawa inaweza kumdhuru mgonjwa ghafla, na nyumbani hakuna vifaa vya kumwokoa. Naye anaweza kupoteza leseni yake. Mkimpenda, msimwombee sindano. Mwombeeni kazi.

Mtaombaje? Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu. Simameni mseme: zahanati yetu ina upungufu, na muuguzi mwenye leseni tunaye. Jambo hilo liandikwe katika muhtasari, lipelekwe kwenye kata na halmashauri. Kamati ya zahanati nayo iulize kama mapato ya zahanati yanaweza kulipia mkataba, hata wa muda mfupi.

Wapo wanaosema muuguzi ajitolee tu. Kujitolea ni kuzuri, kwa sababu mtu hasahau kazi yake. Lakini kuwe na barua, kuwe na muda maalumu, na apewe posho. Kumtumikisha mtu miaka bila chochote si kujitolea, ni kumnyonya. Mwenye njaa hawezi kukesha na mama anayejifungua.

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 hadi 2017 ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati. Wananchi wengi walibeba mawe na kufyatua matofali. Hiyo ilikuwa kazi njema. Lakini kuta hazipimi mimba wala hazizalishi. Anayefanya hivyo ni mtu aliyesomea.

Tumejenga nyumba ya afya. Sasa tudai watu wa kuitumikia. Muuguzi atafute kazi kwa njia ya haki, na kijiji kimsemee kwa sauti moja. Umoja ni nguvu.