Chupa ya soda Diepsloot

Wandugu, sisi tunaosoma Johannesburg, tukienda kujitolea Diepsloot tuache yale mabango ya mapipa ya rangi tatu. Mtoto wa miaka sita "mazingira" hayajui, ila gari la waya lenye matairi ya makopo anaunda mwenyewe, kama sisi tulivyofunga mpira wa chandimu kwa matambara na mifuko ya nailoni.

Tatizo ni sisi wasomi tunaochanganya kutumia tena na kuyeyusha upya. Mwonyeshe chupa ya kioo. Ikirudishwa dukani nzima, kiwandani inaoshwa na kujazwa. Ikivunjika, inahitaji tanuru la nyuzijoto kama 1,500. Halafu muulize: nyumbani mkishakula, mnaosha sahani au mnaivunja mtengeneze nyingine? Atacheka, na hapo ameshaelewa kuliko baadhi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza ninaowasimamia maabara.

Ila jamani, tusimfanye aone kwamba kutumia tena ni mambo ya maskini. Ujerumani nao, pamoja na utajiri wao, wanarudisha chupa za bia na kudai pesa yao ya chupa. Safari ijayo mimi nabeba kreti ya chupa tupu; mabango yabaki hosteli.