MLANGO HAUFUNGUKI WENYEWE

Wako wanaocheka wakisikia kwamba wanasiasa walishiriki kuifungua intaneti. Sisi hatucheki. Wataalamu ndio waliochonga mlango, hilo hatulikanushi. Lakini ufunguo ulikuwa Bungeni. Huko Marekani, mswada wa Seneta Al Gore ulikuwa sheria mwaka 1991, ukatoa fedha za mitambo na nyaya. Mwaka 1992 Mbunge Rick Boucher akaleta wake, mtandao wa vyuo vikuu ukaruhusiwa kuchukua na shughuli za biashara.

Basi, ndugu wanachama, tuzingatie. Kilichofunguliwa kwa sheria chaweza kuzibwa kwa amri: Oktoba 2020, siku za uchaguzi, Twitter na WhatsApp zilizibwa Tanzania, Visiwani na Bara. Tumpapo mtu kura twampa ufunguo. Tumwulize kwanza: atafungua, au atafunga?