HOMA SI JINA LA UGONJWA



Ndugu zangu katika imani, Hadithi ya Nu'man bin Bashir (r.a.) tunaijua sote: waumini ni kama mwili mmoja, kiungo kimoja kikiumwa mwili mzima hukesha nacho na kupata homa. Tunaisoma tukizungumzia udugu. Leo tuitazame homa yenyewe.

Kijidudu kikiingia mwilini, askari wa damu hupeleka habari kila mahali. Ubongo hupandisha joto. Ini, hata kama lenyewe halikuguswa, huanza kutengeneza protini za kusaidia vita. Mojawapo huitwa CRP, iligunduliwa Marekani mwaka 1930. Huanza kupanda ndani ya saa chache, hufika kileleni baada ya siku mbili hivi, na huweza kuzidi kiwango cha kawaida mara mia na zaidi. Hujishika kwenye vijidudu ili askari wavitambue. Vita vikiisha, nayo hushuka. Subhanallah!

Sasa zingatia: homa inakwambia adui kaingia. Haikwambii ni nani. Jina tunalitia sisi, tena moja tu: malaria. Mtu akisema ana homa, jirani anamjibu, "Kanunue mseto."

Hapa hapa Moshi, mwaka 2007 hadi 2008, watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa KCMC na Mawenzi kwa sababu ya homa. Zaidi ya 500 walidhaniwa wana malaria. Waliokuwa wanaumwa malaria kweli ni 14. Kumi na nne! Wengine walikuwa na bakteria au fangasi kwenye damu, na wengine maradhi ya wanyama kama brusela na homa ya mgunda.

Hatupaswi kushangaa. Malaria ipo, hasa huko chini tambarare kwenye mpunga. Lakini huku mlimani baridi inapunguza mbu, na ng'ombe na mbuzi tunawafuga zizini, hatua chache kutoka jikoni. Tunawazalisha kwa mikono mitupu, na wapo wanaokunywa maziwa bila kuchemsha.

Utaniambia, "Shekhe, vipimo ni hela." Kweli. Lakini hesabu dozi tatu za kubahatisha, na siku ambazo ugonjwa wenyewe ulikuwa unaendelea kula mwili.

Wapo waliojaribu njia bora. Dar es Salaam, kati ya 2014 na 2016, watoto zaidi ya 3,000 wenye homa waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitibiwa kwa kusaidiwa na vipimo vya tone la damu, CRP kikiwamo. Humo, waliopewa antibayotiki hawakufika 12 katika kila 100. Kundi la pili walikaribia 30. Na waliopewa dawa chache ndio waliopona vizuri zaidi. CRP nayo haitaji jina la ugonjwa, ila inamsaidia mganga kujua uzito wa vita.

Mnakumbuka kisa alichosimulia Jabir (r.a.), kilichomo kwa Abu Daud? Mtu alijeruhiwa kichwani, wenzake wakamwambia hana budi kuoga, akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) aliwalaumu vikali, akafundisha kwamba tiba ya kutojua ni kuuliza. Wale walikuwa na nia njema, kama jirani wa mseto. Nia njema haikumfufua mtu.

Kwa hiyo, ndugu yangu:

1. Ukipata homa, wewe au mwanao, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo.

2. Mwambie daktari kama unafuga, unachinja au unalima majini.

3. Kipimo kikisema si malaria, usimeze mseto. Uliza: "Basi ni nini?"

4. Antibayotiki zilizobaki kabatini usimpe mtu.

Mwili ni amana, na tutaulizwa.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu na atujaalie elimu yenye manufaa. Aamiin.

Mfikishie na mwenzako.