Uanachama wa Moshi, wanafunzi wa Kizumbi

Kwa Katibu Mtendaji, Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, Kampala

Ndugu Katibu Mtendaji,

Sikuandikii ili masharti ya uanachama yalegezwe. Chuo kitambuliwe kwanza na mamlaka ya nchi yake, kwetu Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), ndipo kibishe hodi kwenu na kulipa ada ya kila mwaka. Ni haki. Hata Jumuiya ya Kimataifa ya Vyuo Vikuu kule Paris hutaka chuo kiwe kimeshatoa angalau makundi matatu ya wahitimu. Ubabaishaji katika elimu tunaujua, hatuutaki.

Ninacholalamikia ni muda. Chuo cha Ushirika Moshi kilianzishwa 1963, kikawa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine 2004, kikapata hadhi kamili 2014. Miaka 51. Mgodi wa Buzwagi hapa Kahama ulianza kutoa dhahabu 2009, na 2021 uzalishaji ukakoma. Miaka 12! Mkingoja mikoa yetu ya Shinyanga na Geita ipate chuo kikuu chenye makao makuu huku ndipo mtuone, migodi mingine nayo itakuwa imefungwa.

Tulicho nacho ni kampasi ya Kizumbi, Shinyanga, ya hao hao Ushirika, na vituo vya Chuo Kikuu Huria. Lakini kwenye daftari lenu kinachoandikwa ni chuo mama. Tangazo la ufadhili au la kubadilishana wanafunzi likitua Moshi au Dar es Salaam, ni rahisi liishie huko huko.

Na si kwamba wasomi hawatufahamu. Mapema miaka ya 2000 mradi wa zebaki wa Umoja wa Mataifa ulifika Rwamagasa, Geita, ukapima zebaki katika mazingira na katika miili ya watu. Kazi nzuri. Wachimbaji wa maduara, wenye makarasha, kina mama wanaoosha mchanga mialoni, wote ni watu ambao sayansi inawahitaji. Sasa kijana wa Nyarugusu anayetaka kusoma matokeo ya upimaji wa kijiji cha jirani aanzie maktaba ipi? (Asiniambie mtu "mtandaoni", bando nalo lina bei yake.)

Mwaka 2017 wakuu wa nchi zetu walitangaza jijini Dar es Salaam kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni eneo moja la elimu ya juu. Basi chuo kinapohuisha uanachama, kitakiwe kutaja kampasi zake zote na kuonyesha wanafunzi wa huko walipata nini mwaka uliopita: maktaba, nafasi za kubadilishana, wahadhiri wageni. Na utafiti wowote unaopitia Baraza ukija Geita au Shinyanga, uwe na mshirika kutoka kampasi au kituo cha huku, na nakala ya matokeo ibaki hapa, kwa Kiswahili.

Hayo yanahitaji fomu mpya tu na mtu wa kuisoma.

Wako,
Mkazi wa Kahama