Mbung'o wa Unguja na Utafiti wa Chembe za Msingi

Yapo maoni ya siku nyingi, nayo husemwa hata na watu wenye elimu ya kutosha, kwamba utafiti wa chembe za msingi ni anasa ya mataifa tajiri. Nchi ambayo baadhi ya skuli zake bado zinahangaikia vyombo vya maabara, watu husema, ina haja gani na protoni zinazogonganishwa chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa? Wako na wengine wa upande wa pili, ambao hudhani kwamba Tanzania ikipeleka vijana wake wachache Geneva, basi imekwisha kushiriki. Makundi haya mawili hubishana sana, lakini yamekosea mahali pamoja. Yote mawili hudhani kwamba jambo kubwa katika utafiti wa namna hiyo ni mtambo.

Mtambo wenyewe ni mkubwa, hilo halina ubishi. Njia ya mviringo ya CERN, yaani Shirika la Ulaya la Utafiti wa Nyuklia lililoundwa na nchi 12 mwaka 1954, ina mzunguko wa kilomita 27. Kama ingechorwa juu ya ramani ya Unguja kuanzia Forodhani, upande wake wa pili ungefika karibu na uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume. Lakini chuma na sumaku huweza kununuliwa na mwenye fedha. Kilicho kigumu zaidi ni kuwaweka pamoja watafiti wapatao 3,000 wa kundi moja, kama lile liitwalo ATLAS, wakajenga chombo chenye uzito wa tani 7,000, wakakilinda usiku na mchana kwa miaka mingi, na hatimaye wakakubaliana juu ya sentensi moja ya matokeo. Kiongozi wa kundi hilo huitwa msemaji. Huchaguliwa na baraza ambamo kila taasisi, kubwa au ndogo, ina kura yake, na takriban watu wote anaowaongoza hulipwa mishahara na vyuo vyao wenyewe huko walikotoka. Haajiri, hafukuzi. Hata hivyo kazi inakwenda, na tarehe 4 Julai 2012 makundi mawili ya namna hiyo yalitangaza kuonekana kwa chembe iliyokuwa ikitafutwa tangu mwaka 1964, ile ya Higgs. Mwaka 2015 makundi hayohayo yalitoa makala ya pamoja juu ya uzito wa chembe hiyo, yenye majina ya waandishi 5,154.

Mwalimu akiulizwa na wanafunzi wake mfano wa ushirikiano mkubwa wa sayansi, yamkini atataja huo. Upo mwingine wa karibu zaidi, nao ulitumia chembe za nuru zitokazo katika kiini cha atomi, ijapokuwa hauhesabiwi na watu kuwa ni wa fizikia. Ni ule wa kuwaondoa mbung'o kisiwani Unguja.

Kisiwa kina eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,650, na mbung'o waliokuwamo walikuwa wa jamii moja tu, Glossina austeni, wakaao vichakani na katika misitu kama ule wa Jozani. Waliwaambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana, na mfugaji aliyetaka ng'ombe wa maziwa wa kizazi bora aliwaona wakikonda na kufa. Tangu miaka ya 1980 dawa zilipakwa migongoni mwa ng'ombe, na vitambaa vilivyotiwa dawa vikatundikwa maporini. Nzi walipungua, lakini hawakwisha. Katika msitu mnene na katika ardhi ya maweni, ambako ng'ombe ni wachache na njia ni finyu, dawa haifiki kila mahali.

Hapo ndipo ilipoingia mionzi. Jike la mbung'o aghalabu hukubali dume mara moja tu maishani, kisha huzaa mtoto mmoja mmoja, kila baada ya siku tisa au kumi hivi. Dume likipigwa kwa kiasi kilichopimwa cha mionzi ya gama, huwa tasa lakini nguvu za kuruka na kutafuta jike hubaki. Jike lililopandwa na dume hilo halizai tena. Wanafunzi waweza kupiga hesabu wenyewe: kila penye madume tasa 50 kwa dume moja la porini, na yote yakiwa na nguvu sawa, bahati ya jike kupata dume zima ni moja katika 51. Tangu Agosti 1994 hadi Desemba 1997 madume tasa yapatayo milioni 8.5, yaliyofugwa Tanga katika taasisi ya utafiti wa mbung'o na nagana, yalimwagwa juu ya kisiwa kwa ndege ndogo. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996.

Tarehe hizo mbili za mwisho zastahili kusomwa mara ya pili. Nzi wa mwisho alionekana Septemba 1996, na kazi ya kumwaga madume haikukoma mpaka Desemba 1997. Kwa muda wa miezi kumi na mitano ndege ziliruka na mitego ikasomwa, na mitegoni hakuna kilichopatikana ila madume yaliyotiwa alama, yaliyotoka Tanga. Mtu asiyejua sayansi angeuliza kwa nini fedha ziliendelea kutumika juu ya adui asiyeonekana. Jibu ni kwamba kutoonekana kwa kitu si ushahidi wa kutokuwapo kwake, mpaka kwanza ijulikane mitego ingeweza kuona nini kama kitu hicho kingekuwapo. Madume tasa yaliyonaswa yalikuwa ndiyo kipimo cha macho ya mitego: ikiwa kibao chenye gundi kimewanasa hao, basi wa porini naye angenaswa kama angepita. Wanafizikia wa chembe hufanya jambo hilohilo. Hawatangazi chembe mpya mpaka bahati ya kudanganywa na kelele za kawaida za chombo iwe ndogo kuliko moja katika milioni 3, na kabla ya hapo hutumia miaka kujifunza chombo chao kinaona nini na hakioni nini. Ni somo ambalo laweza kufundishwa kidato cha tatu bila chombo chochote cha thamani, na ni hasara kwamba hufundishwa kwa nadra.

Sasa, nani aliendesha kazi ile? Si mtu mmoja, wala si ofisi moja. Palikuwa na mamlaka ya kilimo na mifugo ya Zanzibar, iliyojua vijiji, njia na wenye ng'ombe. Palikuwa na taasisi ya Tanga, iliyo upande wa pili wa mkondo wa bahari na chini ya wizara nyingine kabisa. Palikuwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki la Vienna, ambalo Tanzania ni mwanachama wake tangu mwaka 1976, pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na wahisani wa nchi kadhaa. Nzi wa kufugwa hula damu tu. Damu ikichafuka au ikichelewa, koloni laweza kuangamia kwa siku chache, na koloni likiangamia Tanga, ndege ya Unguja haina cha kubeba. Kwa hiyo mtunza damu, rubani, msoma mitego wa Jozani na mwenye kuidhinisha malipo walifungwa kamba moja, ijapokuwa kila mmoja alikuwa na mkubwa wake. Ripoti ya kisayansi iliyotolewa mwaka 2000 ina majina kumi, likiongozwa na la Marc Vreysen na kufuatiwa na la Khalfan Saleh, na zaidi ya nusu ya majina hayo ni ya wenyeji wa Unguja na Tanzania Bara.

Atakayesema kwamba ile ilikuwa kazi ya wageni hana budi kukumbushwa historia. Katika miaka ya 1940 huko Shinyanga, F. L. Vanderplank alijaribu kuwapunguza mbung'o wa jamii moja kwa kuwaachia wa jamii nyingine, ili wazae machotara tasa. Katika miaka ya 1970 koloni la mbung'o lilianzishwa Tanga kwa msaada wa Marekani, na madume tasa yakaachiwa kwenye ranchi ya Mkwaja, wilayani Pangani. Pale nzi walipungua, lakini hawakutoweka, kwani Mkwaja imezungukwa na pori na wapya waliingia kutoka nje. Kisiwa hakina mlango huo. Kwa hiyo Unguja ilivuna mwaka 1997 kilichoanza kupandwa Bara miongo mingi kabla, na watu wa Tanga waliojua namna ya kumlisha nzi bila kumwua hawakuokotwa njiani.

Hata hivyo ni haki pia kuwasikiliza wapinzani. Fedha nyingi zilitoka nje, na zikikoma, vyombo hukaa kimya. Mwezi Julai 2000 wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Lome waliazimia kuwaondoa mbung'o barani kote, wakiutazama mfano wa Unguja, lakini bara si kisiwa, na tangu hapo mwendo umekuwa wa polepole. Tena ushindi wa Unguja ulikuwa na mwenye haja anayeonekana, yaani mfugaji, ambaye leo hafugi tena kwa hofu ya nagana. Chembe ya Higgs haimnyweshi mtu maziwa. Hoja hii ni ya kweli, na wapenzi wa fizikia hawaitendei haki wanapoijibu kwa kutaja haraka haraka kwamba mtandao wa kurasa za intaneti ulibuniwa CERN mwaka 1989. Faida ya namna hiyo haiwezi kuagizwa mapema kama mzigo wa dukani.

Jibu lililo bora ni dogo zaidi. Nchi inayotaka wataalamu wa mionzi hospitalini, wapimaji wa madini ya urani, walinzi wa vyanzo vya mionzi chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na watu wa kuchambua takwimu nyingi, inahitaji mahali pa kuwazoesha kufanya kazi kwa pamoja, wala si kila mmoja na cheti chake. Afrika ya Kusini ilielewa hivyo. Mwaka 2008 iliweka mpango mmoja wa taifa wa kushirikiana na CERN, na vyuo vikuu vyake kadhaa vikaingia kwa pamoja badala ya kubisha hodi kimoja kimoja. Moroko ilikuwa imekwisha kuingia ATLAS tangu mwaka 1996. Hakuna aliyezitaka nchi hizo zijenge mtambo wa kilomita 27.

Tanzania nayo yaweza kuanza na kundi moja la taifa: walimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wa Dodoma, wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, chini ya hati moja ya makubaliano na msemaji mmoja wa kuchaguliwa kwa muda maalumu. Lakini kundi lisilo na kazi hugeuka kuwa mikutano na posho. Basi lipewe kazi ambayo matokeo yake yaweza kuhesabiwa, na kazi hiyo inanyesha kutoka mbinguni bila malipo. Miale ya anga inapogonga hewa ya juu, huzaa chembe ziitwazo myuoni, na katika usawa wa bahari kila mita moja ya mraba hupitiwa na chembe hizo zipatazo 10,000 kwa dakika. Kiganja cha mtu mzima, kikilazwa wazi, hupitiwa na moja au zaidi kila sekunde. Bapa la plastiki maalumu itoayo mwanga mdogo chembe inapopita, pamoja na kifaa cha kuuhisi mwanga huo, vyatosha kuzihesabu.

Na Unguja si mahali pa ovyo kwa kazi hiyo. Kisiwa kiko kiasi cha nyuzi sita kusini mwa ikweta, na mwaka 1927 Mholanzi Jacob Clay, alipokuwa safarini kati ya Java na Ulaya, aliona kwamba miale hiyo hupungua karibu na ikweta, kwa sababu usumaku wa dunia huzirudisha chembe zenye nishati ndogo. Kikiwekwa kihesabio kimoja Mji Mkongwe, kingine Dodoma, kingine Arusha na kingine juu zaidi kwenye miteremko ya Kilimanjaro, vyote vya namna moja na vikisomwa kwa saa moja, wanafunzi wangeona hesabu ikipanda kadiri mtu anavyopanda mlima, na ikishuka kidogo kila kanieneo ya hewa inapoongezeka. Wangelazimika kukubaliana juu ya saa, juu ya namna ya kuandika takwimu, na juu ya nani anayeruhusiwa kulikataa somo lenye kasoro. Hayo ndiyo mambo ambayo msemaji wa ATLAS hushinda akiyapigania.

Kamati ya kundi hilo isianze kwa kutafuta jengo wala gari. Swali la kwanza kwenye ajenda liwe ni nani atakayekisoma kihesabio cha Mji Mkongwe mwezi wa Desemba, skuli zikiwa zimefungwa na umeme umekatika, na ni nani wa Arusha atakayempigia simu kumwuliza kwa nini takwimu za siku mbili hazionekani.