Baiskeli ya Mlima, Pwani Isiyo na Mlima

Likizo za shule zikikaribia, ombi moja husikika katika nyumba nyingi: baiskeli ya mlima. Si ile nyeusi, nzito, ya kubebea mitungi ya maji. Vijana wataka yenye mipira minene yenye meno, gia nyingi na springi mbele. Nao wazee huuliza, kwa haki yao, mlima wenyewe uko wapi hapa kwetu.

Jina hilo latoka mbali. Miaka ya 1970, vijana wa Marin, California, walichukua baiskeli kuukuu zenye mipira minene wakateremka nazo katika Mlima Tamalpais. Mwaka 1976 walianza kushindana katika njia waliyoiita Repack, kwa kuwa breki ya gurudumu la nyuma ilipata moto hadi grisi ikaungua, ikabidi kujazwa upya. Kwa hiyo habari ya baiskeli hii, tangu mwanzo, ni habari ya breki, nasi tutarudi hapo.

Njia zetu ni mchanga, mizizi na mawe ya matumbawe. Kule Bamburi machimbo ya zamani yalipandwa miti, yakapitishwa njia za waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Kwa anayeanza, pahali kama hapo pafaa. Arabuko-Sokoke ni jambo jingine. Msitu ule ni wa kilomita za mraba zipatazo 420, mchanga mweupe upande mmoja na udongo mwekundu upande mwingine, na ndani mna ndovu. Mtoto asiingie peke yake; na apite langoni, afuatane na mwenye kuujua msitu.

Penye mchanga hupunguzwa upepo kidogo ili mpira utandae usizame. Lakini ukipungua kupita kiasi, jiwe la tumbawe huubana mpira hadi kwenye rimu, na tyubu hutoboka matundu mawili sambamba, mfano wa meno ya nyoka. Basi pampu ndogo, viraka na gamu viwe mfukoni kila safari.

Sasa breki. Baiskeli nyingi tununuazo ni mitumba, na hapa pana hatari ambayo muuzaji hataji. Zile zilizoundwa kwa soko la Uingereza, breki ya mbele hushikwa kwa mkono wa kulia. Za Ujerumani na Ufaransa, kwa kawaida, ya mbele ni mkono wa kushoto. Mtoto aliyezoea moja akipanda nyingine, penye mteremko atabana kwa nguvu ile aidhaniayo ya nyuma. Gurudumu la mbele husimama, naye hurushwa juu ya usukani, uso ukitangulia. Kabla ya kulipa, mzazi abane mkono mmoja mmoja huku akiisukuma baiskeli, aone ni gurudumu lipi lisimamalo. Ikiwa ni kinyume cha mazoea ya mtoto, na breki ni za waya, fundi aweza kuzibadilisha kwa muda mfupi. Zile za mafuta zina kazi zaidi, lakini kazi hiyo ifanywe.

Aangalie pia viungio vya fremu, hasa chini ya usukani: ufa mwembamba hujificha chini ya rangi mpya. Kofia ya usalama tusinunue mtumba kabisa. Povu lililo ndani likishapata pigo moja halikingi tena vyema, hata kama nje yang'aa. Ni afadhali gia chache na kofia mpya. Kijana atanung'unika, na anung'unike.

Mabinti nao waendesha, nasi hatuoni la kuwazuia. Ila pindo la buibui huliwa na cheni kwa ghafla, hali kadhalika kanzu ya kaka yake. Kikinga cheni kifungwe, na pindo lipandishwe juu ya suruali pana kabla ya kuondoka.

Saa njema ni baada ya Alfajiri, jua halijawa kali, wawili wawili, na nyumbani wajue njia gani. Wakirudi kutoka ufuoni, chumvi ioshwe kwa maji matamu, baiskeli ikaushwe, na cheni itiwe mafuta tone kwa tone, yasifike kwenye rimu wala kwenye diski ya breki.