Tenda imehamia kwenye kompyuta, hela bado iko kwa bosi

Leo naomba nisizungumzie uchaguzi. Nataka tuongee kuhusu madawati.

Mwaka juzi kikundi chetu cha vijana saba, mafundi seremala sita na mimi mwenye kompyuta, tulijisajili kwenye mfumo wa NeST. Tukapata zabuni ndogo ya halmashauri moja, sitaitaja: madawati 60 ya shule ya msingi. Tulishangilia kama tumeshinda ubunge. Hatukumjua mtu, hatukutoa bahasha, hatukukaa kwenye benchi la afisa manunuzi. Tuliomba tukiwa geto, tukashinda tukiwa geto. Nikisema hilo si jambo jema nitakuwa mnafiki.

Madawati tuliyafikisha ndani ya wiki tatu. Kamati ya mapokezi ikakagua, ikasaini. Hapo ndipo ikaanza safari ya hela. Mhasibu yuko semina. Kifungu hakina fedha. Subirini mwaka mpya wa fedha. Tulilipwa baada ya miezi tisa. Mbao tulikuwa tumekopa, na mwenye mbao hakutaka kusikia habari za kifungu. Alibeba randa ya umeme, akabeba na mashine ya kukatia. Leo kikundi hakipo. Mmoja wetu anaendesha bodaboda ya mtu, wawili wamerudi kijijini. Yaani serikali ilitulipa hela yetu yote, na bado ilituua.

Sasa tuwe wakweli. NeST ilianza kutumika Julai 2023 ikachukua nafasi ya TANePS. Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma, ya mwaka 2023, imeanza kufanya kazi Juni 2024. Asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi za umma imetengwa kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Sisi wapinzani tukisimama jukwaani na kusema hakuna kilichofanyika, kijana aliyeomba tenda kwa simu yake atatuona waongo. Tuseme kilicho kweli: mlango wa kuingilia wameufungua, mlango wa kutokea na hela bado una kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu.

Fikirieni matokeo yake. Nani anaweza kupeleka mzigo leo na kusubiri miezi tisa? Mwenye mtaji mkubwa, au mwenye shemeji kwenye uhasibu. Kijana wa kawaida akishaungua mara moja, harudi. Halafu anakuja bosi mwenye hela, anawaambia: leteni jina la kikundi chenu, mimi naweka mtaji, nyie mtapata cha juu kidogo. Kwenye karatasi, asilimia 30 imeenda kwa vijana. Kwenye maisha, imeenda kwa yuleyule wa siku zote. Malipo yakichelewa, mwenye cheo anapata na silaha ya kuchagua nani alipwe kwanza, na hapo ndipo ile "kumi yangu iko wapi" inaporudi. Rushwa imefukuzwa kwenye kufungua zabuni, ikahamia kwenye kulipa.

Kuna nchi ya kujifunza. Ukraine, baada ya maandamano ya 2013 na 2014 kumwondoa rais, vijana wa kompyuta na wanaharakati walikaa na maafisa wa serikali wakajenga mfumo unaoitwa ProZorro. Mwaka 2016 ukawa wa lazima kwa taasisi za umma. Walichofanya tofauti ni kwamba mnada ukiisha, raia yeyote anaona nani aliomba, kwa bei gani, na nyaraka alizopeleka. Kisha wakaongeza Dozorro, sehemu ambayo mwananchi anaripoti tenda inayonuka. Hawakuwaachia wakaguzi peke yao.

Sisi tunajua gharama ya kukosa macho. Ile rada ya BAE, hadi kampuni ikakubali mwaka 2010 kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania, uchunguzi ulifanywa Uingereza. Tutasubiri wageni watuhesabie madawati pia?

Kwa hiyo mimi napendekeza mambo matatu, na ningependa yaingie kwenye ilani yetu.

Kwanza, saa ianze kuhesabu siku kamati ya mapokezi inaposaini. Siku zionekane hadharani, kwa kila halmashauri. Zikipita siku zilizowekwa, riba iongezeke yenyewe, bila mzabuni kwenda kupiga magoti.

Pili, foleni ya malipo iwe wazi. Aliyetangulia kupeleka mzigo atangulie kulipwa. Akirukwa, sababu iandikwe na jina la aliyeruka liwepo.

Tatu, mkataba ufuatwe mpaka kwenye dawati. Mzazi aweze kuona kwenye simu yake: shule hii, madawati 60, bei hii. Aende ahesabu. Akikuta 45, apige picha na aitume palepale.

Najua wapo watakaosema serikali haina hela. Sawa. Kama hela haipo, kwa nini tenda ilitangazwa? Kutangaza kazi usiyoweza kuilipa ni kumkopa kijana maskini bila kumuuliza.

Na kabla hatujanyoosha kidole, tujiangalie. Chama chetu nacho kinanunua: fulana, bendera, spika za mikutano, mafuta ya magari. Wangapi kati yenu mnajua fulana za mkutano uliopita zilichapwa na nani, na kwa bei gani? Na yule kijana wa spika, ameshalipwa? Tukitaka kuaminiwa na hazina ya nchi, tuanze na daftari letu. Tuliweke wazi sisi wa kwanza, hata kama halitapendeza.

Kazi ya mwezi huu ni moja. Kila tawi lichague shule moja ya jirani. Muulizeni mwalimu mkuu kwa heshima: mlipokea madawati mangapi, na fundi alilipwa lini? Andikeni, tukusanye. Matusi mtandaoni hayajawahi kumlipa seremala.